Samaki wa Horace Haliwi

Mama yake Horace Linklater alikataa kula samaki kutoka mkononi mwa mwanawe tangu siku ile Horace alipoajiriwa lojini, nyumba ya wageni wanaokuja kuvua, na siku hiyo Horace alikuwa kijana asiye na ndevu. Sasa ana wajukuu. Samaki wa Ruben, mpwa wa Horace, mama alikula. Samaki wa jirani, hata yule jirani mlevi asiyejua kutengeneza wavu, alikula na kushukuru. Wa Horace aliwatupia mbwa.

"Mikono yako imezoea kuchezea samaki," alimwambia. "Chakula hakichezewi."

Huko lojini wageni hufika kwa ndege ndogo inayotua majini. Huvua kwa nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoana, humchosha samaki mpaka ageuze tumbo, humpiga picha, kisha humrudisha ziwani. Hujisifu kwamba hawaui. Wakrii, watu wa kabila la Horace, wenyeji wa ziwa lile, huona haya hata kulisimulia jambo hilo. Kwao samaki hujitoa mwenyewe kwa mwenye njaa. Ukimvuta halafu ukamwambia sikutaki, umemtukana.

Horace aliyajua hayo yote. Lakini biashara ya ngozi za wanyama ilikuwa imekufa na watoto walitaka kula, na mkono mtupu haulambwi. Tena tusimpambe: kazi aliipenda. Alipenda kumwona mgeni aliyehangaika asubuhi nzima akirusha mshipi, hatimaye nzi akashuka majini taratibu bila kumshtua samaki. Alipenda, na kwa kupenda huko aliona aibu.

Mwaka mmoja, barafu ya ziwa ilipoyeyuka, mama alirudishwa kutoka hospitali ya kusini. Tumbo lilikuwa limeharibika, na madaktari walimwacha aje kufia kwake. Chakula kilimshinda. Horace hakutaka kitu kingine duniani ila kumlisha mama yake mara moja kabla hajamzika.

"Mpikie, useme ni wa Ruben," dada yake Ernestine alimshauri.

"Nimdanganye mama naye yuko kitandani?"

"Ee, mtakatifu wetu! Basi endelea kuwalisha mbwa."

Asubuhi moja Horace alimpeleka mgeni mmoja, daktari wa meno aitwaye Pruitt, kwenye mdomo wa kijito, mahali trauti wakubwa, samaki wa maji baridi, hupanda kwenye maji ya kina kifupi wakati baridi haijaisha. Pruitt alikuwa mtu mpole, mwenye subira. Alirusha vizuri. Trauti mmoja jike, mzee, akampokea nzi, na vita vikaanza. Alizama, akapanda, akauvuta mshipi mpaka kigurudumu cha mshipi kikalia. Pruitt alikuwa akicheka kwa furaha. Horace alipomwingiza samaki kwenye wavu wa mkono, aliona ndoana imepasua matamvua. Damu ilikuwa inatoka nyingi.

"Mrudishe upesi," Pruitt akasema.

"Huyu hataishi, bwana."

"Lakini wakubwa wote wanarudishwa. Si ndiyo sheria yenu?"

Ndiyo, ilikuwa sheria. Na Horace alikwisha kuitii mara nyingi mbele ya damu kama ile. Kila mara alifungua mikono, akageuza uso, na ndege shakwe wakamalizia kazi. Safari hii mikono ilikataa kufunguka. Aliinama, akamwomba samaki radhi kwa lugha ya nyumbani, akachukua rungu, akampiga pigo moja la kichwani. Pruitt aliitazama damu kwenye mashua. Akakunja mshipi wake.

Mwenye loji, Bwana Keller, aliwapokea gatini. Alimtazama samaki, akamtazama Horace, uso ukamsawijika, kwa maana walikuwa wamezeeka pamoja.

"Nikikuachia wewe, wengine nitawaambia nini?"

"Usiniachie, na hutakuwa na la kuwaeleza," Horace akajibu. Unga ukamwagika namna hiyo, bila kelele. Alimfunga samaki kwenye gunia lililoloa, akawasha mashua yake akavuka ziwa.

Ernestine alikuwa mlangoni.

"Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

"Kwa samaki mmoja?"

"Mmoja."

Ernestine akafungua gunia, akachungulia. "Angalau ni mkubwa."

Walichemsha kichwa, maana hapo ndipo penye mafuta. Horace alipochukua bakuli, dada yake akamshika mkono, akamnong'oneza, "Sema ni wa Ruben. Nakusihi, kaka."

Mama alikuwa macho. Harufu ilikuwa imemfikia kabla ya bakuli.

"Wa nani huyu?"

Neno moja tu, na mama angekula.

"Wangu, Mama. Mgeni alimvua kwa mchezo, na mimi ndiye niliyempeleka mgeni pale. Alipigana sana. Alikuwa anavuja damu, nikashindwa kumwachia."

Ernestine akageukia dirisha. Horace akausubiri ule mkono wa mama aliouzoea, uje ulisukume bakuli.

"Kwa hiyo aliteseka," mama akasema.

"Aliteseka, Mama. Sana."

"Na mimi nateseka. Tutaelewana." Akafungua kinywa.

Horace akapiga magoti, akamlisha. Mama alimeza, akafumba macho, akameza tena, kisha akamwambia chumvi haitoshi.