Nilivyokwenda Mbarara na Mwiko Kutafuta Jiko la Mashua

Niliondoka Nakivale kwa sababu ya mkono wa Riziki, ingawa siku ile nisingekubali kusema hivyo. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba naondoka kwa sababu ya jiko bovu na mpishi mzembe.

Kwa wasiotujua, mimi na Riziki, mjane wa kaka yangu, tuna mashua ya mbao yenye tanga la turubai. Upande wa nyuma tumejenga kibanda cha kupikia, na humo tunapika kwa gesi chai, mandazi na bugali kwa samaki, tukizunguka Ziwa Nakivale kutoka mwalo mmoja hadi mwingine kuwauzia wavuvi. Sisi ni watu wa Fizi, Kongo, tuliokimbilia hapa Uganda; tumekulia Ziwa Tanganyika, na mambo ya vyombo vya majini hatufundishwi na mtu. Maneno hayo nilikuwa nayasema mara nyingi mno.

Wiki moja kabla ya safari, Riziki aliwasha kiberiti asubuhi ili achemshe chai. Moto ukaruka kutoka chini ya mbao alizokanyaga, ukamchoma mkono wa kuume na kumla kope zote. Tuliuzima haraka, lakini jiko liliungua hadi vifundo vyake vya kufungia gesi vikayeyuka. Pale pale mwaloni, mbele ya kina mama wa kanisa letu waliokuja kununua samaki, nikamwambia kwamba ameacha gesi wazi usiku kucha.

"Hapana, wifi, nilifunga," alisema. "Na ile harufu niliisikia huku chini, ku miguu."

"Ku miguu? Sasa wewe unanusa na vidole vya miguu?"

Kina mama wakacheka hadi wakashikana mabega. Nami, kwa kuwa nilipata watu wa kunichekea, nikaongeza kwamba jiko jipya litakuja na mpishi mpya. Riziki akashuka mashuani, mkono ukiwa ndani ya ndoo ya maji. Kufikia jioni walikuwa wameshampa jina, Mama Kiberiti, na mama mmoja aliyekuwa amemwomba apike katika harusi ya mwanawe akatafuta mtu mwingine. Mjane asiye na shamba akikosa kazi ya kupika, Nakivale hana kazi nyingine.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa Base Camp, kituo kikuu cha makazi yetu ya wakimbizi, nikingoja gari. Mkobani nilibeba sufuria, unga na mwiko. Nilikuwa nimeapa sitanunua jiko ambalo sijalisongea bugali. Jiko la kuchemshia chai kila mjinga anaweza kukuuzia. Bugali ni jambo jingine: ukisonga, unaisukuma sufuria, sufuria inalisukuma jiko, na kama mashua imelala upande kwa upepo, chakula chote kinakwenda kuwalisha samaki. Dereva wa pikapu ya mahindi aliyenipakia mbele, mwenyeji Munyankole mwenye maswali mengi, aliuona mwiko ukichungulia.

"Nyabo, mama, Mbarara hakuna chakula?"

"Chakula kiko. Meko yao ndiyo siamini."

Saa mbili tulisimama mji mdogo wa Kaberebere, dereva akanipa nusu saa. Niliingia duka moja lenye majiko matatu dirishani. Muuzaji alikuwa akipangusa jiko la kioo kwa shati lake mwenyewe. Nilimweleza kwamba nataka la kuweka ndani ya mashua.

"Boti? Isingiro iko na boti?"

Mtu amezaliwa katika wilaya yenye ziwa, na habari za ziwa lake anazisikia kwangu mimi mgeni! Nililigusa jiko lake kwa kidole kimoja, likateleza hadi ukingoni mwa meza. Miguu yake ilikuwa ya mpira laini, mizuri kwa mtu anayepika huku amelala. Nilimshukuru, nikarudi kwenye mahindi.

Saa nne, Mbarara. Niliingia duka kubwa la barabara kuu, lenye sakafu ya vigae na vijana waliovaa tai. Aliyenipokea alinionyesha jiko lenye maua ya dhahabu.

"Mama, hii iko mpya kabisa. Hata wakubwa nanunua hii."

"Mawimbi yakija, sufuria itashikwa na nini?"

Alifikiri kidogo. "Iko na waranti ya mwaka mzima."

"Hiyo waranti inajua kuogelea?"

Niliomba nisonge bugali hapo hapo, huku nimesimama na matope ya Nakivale juu ya vigae vyao. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akautazama mwiko wangu, akaniomba kwa adabu niurudishe mkobani kwa sababu wateja wanaogopa. Kwingine waliniuzia maneno zaidi: huyu anasifu kioo, yule anasifu rangi, wa tatu ananiapia kwamba jiko lake linatoka Ulaya, na lebo yenyewe hajui kuisoma. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza napika nini, napika wapi. Niliona kwamba mji mzima unauza majiko ya kuwekea kitambaa cha kushona na maua ya plastiki.

Saa saba mchana mwenye kibanda cha soda alinielekeza mtaa wa Nyamityobora, kwa mke wa mwanajeshi aliyekuwa akiuza vyombo vya jikoni vilivyokwisha kutumika, vingi vya familia za kambi ya jeshi zinazohamishwa. Waliomjua walimwita Mama Junior. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya gwaride, amekaa stoo ya matofali kati ya masufuria. Nilijua mapema kwamba naye atanichosha.

"Nataka jiko la mashua," nilisema. "Na ninataka kulisongea bugali kwanza."

"Sawa. Unga uko nayo?"

Nikautoa mkobani. Alikwisha kuvuta jiko la chuma zito, la kijani, baya kwa sura, lenye meko mawili na ukingo wa chuma pande zote wa kuzuia sufuria. Miguu yake ilikuwa na matundu ya kukazia kwa skrubu. Bila kuambiwa, akaweka tofali chini ya upande mmoja ili jiko liiname.

"Boti naenda hivi, si ndiyo? Haya, koroga."

Nilisonga kwa nguvu zangu zote na kwa nia mbaya. Sufuria iliegemea ukingo ikatulia, na jiko halikusogea. Bugali ukaiva, tukaula kwa dagaa zake, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na la kukashifu. Nilitafuta, sikupata.

"Sasa mutungi," akasema. "Wewe naweka mutungi wapi?"

Hapo nikajinyoosha. Nilimweleza kama mwalimu kwamba sisi watu wa Tanganyika kila kitu kizito tunakilaza chini kabisa ya chombo, chini ya mbao, ili chombo kitulie. Mtungi wa gesi ni mzito, kwa hiyo unakaa humo. Mpira wa gesi nimeufunga mimi mwenyewe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, imara kabisa. Nilisema kwamba watu wa nchi kavu hawawezi kujua haya.

Mama Junior hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wa stoo, akanionyesha matundu manne yaliyoachwa katika matofali, chini kabisa, karibu na sakafu.

"Unaona hii tundu? Si ya panya. Gesi iko nzito kushinda hewa. Ikivuja nashuka chini, nalala. Kwa nyumba natokea hapa. Boti yako iko na tundu chini?"

"Boti yenye tundu chini inazama!" nilimjibu kwa dharau.

"Haya. Kwako gesi natokea wapi?"

Niliinama kuyatazama matundu yale. Nilichokisikia kichwani ni sauti ya Riziki: niliisikia huku chini, ku miguu. Riziki alifunga vifundo. Gesi ilivuja penye tyubu yangu, ikashuka, ikajaa chini ya mbao zangu, ikamngoja. Mimi ndiye niliyemchoma mkono, kisha nikawakusanyia watu wa kumcheka. Niliona aibu, nikakaa juu ya sufuria iliyofudikizwa.

Saa kumi nilianza kurudi, jiko la kijani mapajani, pamoja na mpira mpya na vibano vya chuma alivyonichagulia Mama Junior. Dereva yule yule aliniuliza kama meko ya Mbarara nimeyaamini. Nikalikumbatia jiko.

Jumamosi nzima nilikuwa mwaloni. Niliutoa mtungi chini ya mbao, nikaujengea kisanduku nje, nyuma ya mashua, chenye matundu kitakoni yanayotazama maji. Jiko nililikaza kwa skrubu.

Jumapili, baada ya ibada, niliwaomba kina mama wale wale tushuke pamoja hadi mwaloni, na Riziki nikamwomba mara tatu ndipo akaja. Alisimama mbali, mkono umefungwa kitambaa. Nikawaeleza yote: mtungi, tyubu, na kosa lilikuwa la nani. Hakuna aliyecheka. Nikamwambia Riziki kwamba mpishi mpya hayupo, nikampa mwiko.

Aliupokea kwa mkono wa kushoto, akapanda mashuani, akapiga magoti akainama hadi pua ikagusa mbao, akavuta pumzi ndefu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe vua viatu, wifi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Tia miguu hapa, unuse."

Nikavua viatu mbele yao wote, nikanusa.