Sufuria ya Pilau na Breki za Shamsi

Mwantum wa Majengo ana kinyaa, na hajawahi kuona haya kukisema. Akikaribishwa chai huchungulia kikombe kwanza. Akikuta alama ya mdomo wa mtu, hukirudisha mezani mbele ya mwenyewe, na chai hiyo hainywi hata abembelezwe vipi. Wapo wanaomwita mwenye maringo. Lakini hao hao wakiwa na shughuli humfuata yeye, kwa sababu Sumbawanga nzima inajua kwamba pilau ya Mwantum haina mchanga wala unywele, na ndani ya sufuria zake unaweza kujitazama uso. Hata Wakatoliki wa vijijini humwita, ili wageni wote wale sahani moja bila mtu kuuliza nani kachinja. Kwa kazi hiyo amemsomesha bintiye Ummy, na kwa kazi hiyo ana kauli ndani ya nyumba.

Mtu mwenye pua ya namna hiyo, Mungu akampa Shamsi.

Shamsi hununua migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, huko Kipili na kuileta mjini kwa Starlet ya zamani yenye turbo, kigari kifupi ambacho vijana bado wanakigeukia kwa mbio zake, mpaka mlango ufunguliwe. Hapo kila mtu hurudi nyuma. Maji ya samaki yamezama kwenye zulia la buti miaka na miaka, yakakauka, yakalowa tena. Mwantum akilazimika kupanda hufungua dirisha, hata kama upepo wa Ufipa unakata masikio.

Shida ya kigari ilikuwa breki. Injini ina nguvu, lakini breki zake za asili ni ndogo, na ukiteremka nacho kikiwa na mzigo zinachemka hadi pedali inazama mguuni. Shamsi alishaponea chupuchupu zaidi ya mara moja. Basi akaenda Tunduma kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na diski kubwa, kalipa za gari lenye ubavu zaidi, vile vyuma vya kubania diski, na pedi zake zilizokwisha kutumika lakini bado nene. Vyote alivitupa kwenye buti, chini ya ndoo, na kabla ya kuvishusha akapitia Kipili kuchukua mzigo. Kwa ununuzi huo Mwantum hakumlaumu. Mume anayetaka gari lisimame ni mume anayetaka kurudi nyumbani. Kilichomchefua ni kilichofuata.

Hamidi, fundi wa gereji ya jirani, alikuwa amemwambia Shamsi asafishe kalipa ndipo azilete. Shamsi akangoja mkewe aende sokoni. Akaishusha sufuria kubwa ya shughuli, ile aliyoachiwa Mwantum na mama yake, akajaza maji, akatia magadi na sabuni ya unga, akatumbukiza kalipa pamoja na pedi, akachochea kuni. Akawa anazigeuza kwa mwiko wa pilau. Mwiko wa pilau, jamani.

Mwantum aliporudi alikuta sufuria imeoshwa na kufunikwa kichanjani, lakini alisimama mlangoni asiingie. Shombo ilikuwa imetanda uani. Sufuria ile haikuwahi kuona samaki. Samaki wana sufuria yao ndogo, na hiyo hulala nje. Akamuuliza mumewe kama amepika samaki. Shamsi akajibu kwa furaha kwamba hapana, amechemsha breki tu. Mwantum akaenda nyuma ya choo akatapika.

"Mama Ummy, nimeiosha," Shamsi alimwambia aliporudi. "Ni safi kuliko ulivyoiacha."

Kauli hiyo Mwantum aliiweka moyoni.

Breki zikafungwa. Shamsi akakipeleka kigari kwenye mteremko wa nyuma ya soko kukijaribu. Alipokanyaga, diski zile kubwa ziliteleza kama zimepakwa siagi, na Starlet ikaenda kujichomeka kwenye lundo la mchanga wa kujengea. Hakuumia mtu, taa moja tu ilipasuka. Hamidi akafungua magurudumu palepale, akasema pedi zimelowa mafuta, na pedi haichemshwi hata siku moja. Watu walikuwa wamejaa. Shamsi, aibu ikimuwaka usoni, akacheka na kusema mafuta hayo ni ya sufuria ya mkewe, pilau ya miaka yote imejificha mle.

Alisema apate pa kujifichia tu, lakini kitumbua cha mkewe kilikwisha ingia mchanga. Maneno yakafika kijijini Mpui kabla ya Shamsi kufika nyumbani. Huko mama mmoja, Bertilla, alikuwa anamwoza bintiye Rozina Jumamosi hiyo, na mpishi alikuwa Mwantum. Bertilla alikuja mwenyewe kesho yake. Akasalimia vizuri, akauliza hali, kisha akasema kwa upole kwamba wakwe wamesikia habari za sufuria, na yeye hataki maneno siku ya harusi. Mwantum alielewa. Mteja huyu akiondoka, hakuna atakayebaki.

Akajifunga kanga, akamshika Bertilla mkono, wakaenda gereji. Shamsi alikuwepo. Mwantum akaokota pedi moja kwa ncha ya vidole, akaileta puani, akageuza uso upesi. Akampa Bertilla, na Bertilla akampa Hamidi.

"Pilau yangu ina harufu hiyo?" aliuliza.

Hamidi alinusa mara mbili. "Mama, hii ni migebuka," alisema. "Hii imelala kwenye buti la mzee."

Watu wakamgeukia Shamsi. Alitazama viatu vyake. Bertilla akapumua, akasema basi yamekwisha, sufuria na ije Mpui kama walivyopatana. Hapo Mwantum angeweza kunyamaza na kushukuru Mungu.

"Haiji," alisema. "Mimi sipikii watu kwenye sufuria iliyochemsha breki. Niazimie za parokia."

Na za parokia nazo alizisugua upya, amekunja uso, akiwalaani waliozitumia kabla yake.

Jumamosi alfajiri Shamsi alimpeleka Mpui kwa Starlet, pedi mpya zikiwa zimefungwa. Njiani ng'ombe walikatiza ghafla mbele yao. Shamsi akakanyaga, na kigari kikasimama papo hapo, kimetulia, mafiga ya chuma waliyobeba hayakutikisika nyuma. Akamtazama mkewe akingoja sifa. Mwantum alikuwa ameziba pua kwa kanga, kichwa nje ya dirisha.

Pilau ilisifiwa hadi na wakwe. Jumapili mchana, Shamsi aliporudi kutoka msikitini, alikuta jikoni moto mkubwa na ile sufuria ya mama mkwe imepanda mafiga. Chini kabisa ndani yake, mahali pa chakula cha kijiji kizima, palikuwa na wali wa mtu mmoja. Mwantum akaupakua wote, akauweka mbele yake, akakaa kumtazama.

"Wewe huli?" Shamsi aliuliza.

"Mimi nina sufuria yangu. Hii ni yako, Baba Ummy, leo na kila siku. Ni safi kuliko nilivyoiacha."

Shamsi akanawa. Akachota tonge, akalifikisha karibu na mdomo. Kisha, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akalinusa.