Njia Rahisi ya Odette

Wajitoleaji wa Xela, mji wa nyanda za juu za Guatemala, walilijua daftari la Odette Pelletier kuliko walivyojua barua za makwao. Mama huyu wa Kanada alikuwa dereva wa basi la shule hadi alipostaafu, akajitolea Peru, kisha Bolivia, na sasa alifundisha Kiingereza hapo bila mshahara. Ukitaka kufika Panama kwa nchi kavu bila kufilisika, unamwendea yeye. Alijua basi gani huondoka alfajiri na nyumba gani ya wageni ina kunguni. Vigari vya watalii alivichukia kama ukoma; kulipa zaidi ya mwenyeji kwake ilikuwa fedheha.

Alipanga chumba kwa Eulalia, mshona nguo aliyekuwa na kitoto kichanga. Siku moja Eulalia akamwomba awe mama wa ubatizo wa Marleny. Huko mama mzazi na mama wa ubatizo huitana komadre mpaka kufa, na wanakuwa ndugu. Odette hakuwa na mtoto wala ndugu. Alilia palepale jikoni, na hakuona haya.

Ubatizo ulipangwa Jumapili saa tatu asubuhi. Lakini siku zake tisini za kukaa nchini zilikuwa zinaisha Jumamosi, na chama chake kilimfukuza mjitoleaji yeyote aliyekutwa na hati iliyokwisha. Ilibidi atoke nchini na kurudi na muhuri mpya. Mpaka wa Meksiko ulikuwa karibu, ila kule walitoza ada. El Salvador hawakutoza kitu. Ijumaa akapanda basi kuelekea El Salvador, daftari kwapani, na moyo mweupe.

Jumamosi saa mbili asubuhi ofisa wa mpakani aliipekua pasipoti yake, akamrudishia.

"Mama, Guatemala, sisi, Honduras na Nikaragua tunahesabiwa pamoja. Hapa hupati siku mpya. Nenda Meksiko."

Odette alisoma kila ratiba ya basi, hilo hakulisoma. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Nje palikuwa na dereva wa teksi, aliyeielewa hali kwa kumtazama tu. Akamwambia kwamba wakiondoka sasa, saa nane watakuwa mpaka wa Meksiko, na usiku Odette atalala chumbani kwake Xela. Kisha akataja bei.

"Kwa bei hiyo si ninunue gari lenyewe?" Odette akasema.

"Haya, mama. Mabasi yapo."

Fedha alikuwa nazo, zimeshonewa kwenye mkanda. Akapanda basi. Akabadilisha Escuintla, akabadilisha Mazatenango, na Coatepeque akasubiri saa mbili nzima basi lijae. Alivuka kuingia Meksiko giza limeshatanda, na dirisha la kugonga mihuri ya kurudi lilikuwa limefungwa. Likafunguliwa Jumapili saa mbili asubuhi. Alipofika Xela ilikuwa saa saba.

Uani watu walikuwa wanakula. Marleny alikuwa kwenye mapaja ya Berta, jirani muuza mboga, amevaa gauni jeupe. Padri alikuwa na watoto kumi na wanne wa kubatiza siku hiyo, na hakumngoja mtu. Odette alianza kueleza habari za mipaka na mihuri. Eulalia alimsikiliza mpaka mwisho, bila kununa.

"Pole na safari, mwalimu," akasema. "Kaa ule." Kisha akageuka. "Komadre, mpe mwalimu kiti."

Berta akasogeza kiti. Odette akakaa, akala kila alichopakuliwa.

Wiki iliyofuata vijana wawili wajitoleaji walimjia, wakitaka njia rahisi kuliko zote ya kufika Panama. Odette alifungua daftari, akashika kalamu. Ndipo akawauliza kama kuna mtu anayewangoja warudi, na siku gani.