Mwenye Siti ya Nyuma

Sitakuapia. Watu wa siku hizi wanaapa hata wakiuza nyanya. Wewe niamini kwa sababu kisa chenyewe hakinipi sifa yoyote. Ningekuwa natunga, ningejiweka mahali pa heshima, si juu ya pikipiki iliyozimika katikati ya mlima, miguu peku, mwiko mkononi. Hili lilinipata mimi mwenyewe, si shoga yangu wala binamu wa mtu.

Mume wangu Novatus ni bodaboda. Tunakaa Kashozi, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba yake. Asubuhi anashusha mikungu ya ndizi mjini Bukoba, jioni anapanda na abiria au mzigo wa duka. Sasa pikipiki yake ilikuwa ndogo, na ule mlima hauna huruma na pikipiki ndogo. Wenzake walikuwa wanampita wanampigia honi, abiria wao wanageuka kumwangalia. Anarudi nyumbani amenuna, salamu hataki, ndizi anakula kama anazilipizia kisasi. Wivu wa mwanamume kwa pikipiki ya mwenzake usiuchukulie mchezo, ndugu yangu. Nimeishi nao.

Injini mpya kubwa hatukuwa na uwezo nayo. Ndipo fundi wake akamwonyesha njia ya wanyonge: tafuta bloku na pistoni vya pikipiki kubwa iliyokufa, tutavichonga viingie kwenye injini yako, kabureta tutaipanua iingize mafuta zaidi, na sproketi ya mbele tutaweka ndogo ili ivute mlimani. Novatus akaenda mpaka Muleba kwa muuza skrepa. Akarudi na bloku ndani ya kiroba, ameipakata kifuani. Nilizaa naye watoto wawili na sikuwahi kumwona akimpakata hata mmoja namna ile.

Akaiosha kwa petroli kwenye beseni langu. Beseni la kuogeshea mtoto, unanisikia? Akachukua mswaki, akawa anakwangua magamba ya samaki yaliyokaukia kwenye mapezi ya ile bloku, huku anapiga mluzi. Nikamuuliza tangu lini injini inakula samaki. Akasema, "Hiyo ilikuwa inabeba sangara kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, mama watoto. Imezoea mizigo." Wiki ile injini ilipata oili mpya wakati sufuria langu linakaanga kwa maji. Nikajisemea moyoni, haya, nimeletewa mke mwenza wa chuma.

Lakini kusema kweli ilivuta. Siku ya kwanza alipanda mlima na mikungu mitatu, akawapita wale wapiga honi wote, akaingia nyumbani anacheka peke yake. Nami nikacheka naye. Furaha yangu haikumaliza mwezi.

Jirani yangu Mama Stella ndiye aliyeanzisha maneno. Tulikuwa tunaanika kahawa, akaniuliza bila kuniangalia usoni, "Siku hizi mwenzio anampakia nani yule wa kitenge cha kijani?" Nikamuuliza yupi. "Yule anayekaa upande upande, mkono umezunguka kiuno. Kila jioni nawaona wakipanda." Nilihisi kahawa yote ile inaniangukia kichwani. Wewe ungefanyaje? Ungemwambia asante kwa taarifa?

Usiku nikamkalisha Novatus. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa kanisani. "Mimi wanawake sibebi siku hizi," akasema. "Hata nikitaka siwezi. Mwanamke akipanda tu, injini inakata. Wanaume inabeba, magunia inabeba. Fundi mwenyewe ameshindwa kuielewa." Nikamwambia nimesikia uongo mwingi wa wanaume, lakini huu wa injini inayochagua wanawake umetia fora. Akanitoa nje, akawasha, akaniambia panda. Nikapanda. Ikakohoa, ikazima. Nikashuka, ikawaka kwa kiki moja. Nikapanda tena, ikazima. Na unajua alisemaje, yule baba? "Labda na wewe umenenepa."

Sikulala. Niliona wazi kwamba kuna mchezo amefanya na waya, nisiweze kukaa pale anapokaa yule wa kitenge cha kijani. Nilimtaka mume wangu. Nilimtaka mzima, hata kwa kununa kwake, na sikuwa tayari kumgawa robo.

Basi kesho yake jioni, jua bado liko juu ya migomba, nikachukua mwiko wa ugali, nikashuka mpaka kwenye ile kona kali ya mlima. Nikavua ndala nisisikike, nikajibanza kwenye mibuni. Nikaisikia inakuja; mlio wake naujua hata nikiwa usingizini. Ikatokea. Na nyuma ya Novatus, kweli kabisa, amekaa mwanamke. Kitenge cha kijani, kilemba kimefungwa chini, upande upande, mkono kiunoni. Nilimwona kama ninavyokuona wewe.

Nikaruka barabarani. Novatus akapiga breki mpaka vumbi likatuficha. Lilipotulia, alikuwa peke yake.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

Nikatazama mibuni upande huu, nikatazama migomba upande ule. Hakuna jani lililotikisika. Nikapanda nyuma yake na mwiko wangu, nikamwambia twende nyumbani. Injini ikakata. Akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, mimi nimeng'ang'ania siti. Mwisho akashuka kwa hasira, akasema anarudi nyumba za chini kuazima spana ya plagi, kama nataka nikae hapo nitage.

Nikabaki peke yangu. Hakuna mvua iliyokuwa imenyesha, siku kadhaa tulikuwa tunalalamika na vumbi. Ndipo nikasikia maji yanadondoka, tone, tone. Nikageuka.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa pikipiki, kiganja chake juu ya siti, karibu na paja langu. Kitenge kimelowa chapa. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye pindo, na vumbi chini yake limebaki vumbi, halilowi. Alinukia dagaa na mawimbi. Mwanamke wa umri wangu, mzuri, macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi.

"Umekalia siti yangu," akasema.

Ungetegemea nipige kelele. Mimi wivu ulikuwa umenijaa hadi hofu ikakosa pa kukaa. Nikamwambia, "Siti ya mume wangu hii. Na wewe ni nani, mama, unayemkumbatia mume wa mtu mchana kweupe?"

Akatabasamu kidogo. "Mumeo hata jina simjui. Yule ni dereva tu."

Naomba unielewe: pale nilichukia mara mbili. Kumbe mwanaume ninayekosa usingizi kwa ajili yake, kwa mwenzangu ni dereva tu.

Akaniambia yake kwa maneno machache, Kihaya cha kule Muleba ziwani. Pikipiki aliinunua yeye, kwa dagaa na sangara aliowatoa visiwani miaka na miaka. Mumewe ndiye aliyekuwa anaiendesha, yeye anakaa nyuma. Siku moja alirudi mwaloni akamkuta mwingine kwenye siti ile, amekaa alivyokuwa akikaa yeye. "Nikaingia kwenye mtumbwi kwa hasira, na ziwa lilikuwa limechafuka. Wakaiuza vipande vipande. Hiki kipande cha injini ndicho moyo wake, nami nimeufuata. Mwanamke mwingine hatakaa." Nikamuuliza alitoka kwenye mtumbwi vipi. Akaninyooshea mdomo upande wa ziwa.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo nilipoharibu. Nilimwonea huruma. Ule wivu aliousema niliujua, ulikuwa wangu vilevile, nilikuwa nao mkononi, umbo la mwiko. Nikamwambia, "Pole sana, waitu, ndugu yangu." Akafungua fundo la kitenge, akatoa tunda moja la kahawa ya kutafuna, kavu kabisa. Akalipasua kwa meno. Punje moja akabaki nayo, ya pili akanipa kwa mikono miwili.

Sisi Wahaya mgeni humpa kahawa atafune, na anayepewa kwa mikono miwili hakatai. Mkono wangu ulipokea wenyewe kabla akili haijafika. Bibi yangu alikuwa amenionya nikiwa mdogo: kahawa pokea, lakini tunda likipasuliwa mbele yako ukapewa nusu, funga mdomo, uulize kwanza. Hivyo ndivyo wazee walivyokuwa wanachanjiana udugu. Waliogawana tunda moja hawatengani, hawanyimani, na anayemfukuza mwenziwe tumbo linavimba hadi afe. Niliyakumbuka yote hayo, naam. Niliyakumbuka nikiwa nimeshameza.

Ilikuwa ya baridi, na ilikuwa na ladha ya maji ya ziwa. Naye akatafuna yake polepole. Akasema, "Sasa hatuoneani wivu, mimi na wewe." Kisha sauti ya Novatus ikasikika, anapanda na spana yake, na pale pa yule mwanamke pakawa hakuna mtu.

Hakuhitaji spana. Kiki moja, ikawaka. Tukapanda ule mlima kana kwamba hatuna uzito, Novatus anajisifu mbele, "Unaona? Sasa inakubeba." Mimi nimeuma midomo, kwa sababu mikono miwili yenye unyevu ilikuwa imezunguka kiuno changu kutoka nyuma. Tulikuwa mishikaki, watu watatu, na dereva hajui.

Nyumbani nikamweleza kila kitu. Angenicheka, ila mgongo wa gauni langu ulikuwa umelowa na kuna gamba la samaki limegandia pale. Asubuhi akaifungua ile bloku mwenyewe, akairudisha Muleba. Muuza skrepa hakushangaa sana. Akamwambia mwenye pikipiki ile alikuwa mwanamke wa samaki, mtumbwi wake ulipinduka, mwili haukuonekana. Novatus akarudishia bloku yake ndogo. Wenzake wanampita tena wanampigia honi, na pikipiki inabeba wanawake wote, hata wawili.

Unadhani yamekwisha? Na mimi nilidhani hivyo. Lakini tunda nililila mimi, bloku haikula kitu. Jioni yake nikiwa napalia moto jikoni, nikasikia tone, tone. Alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mlangoni. Tangu siku hiyo anakuja kila jua linapoelekea migomba. Kumfukuza siwezi, tumbo hili nalihitaji. Ananisimulia habari za visiwani, ananiuliza nimeshindaje. Siti ya pikipiki haitaki tena, wala hajawahi kumwangalia Novatus. Anayeonewa wivu siku hizi ni mimi. Novatus akinishika bega, moto unazimika. Akilala karibu yangu, godoro linalowa katikati yetu, na anahamia mkekani kwa watoto.

Kwa hiyo wewe mwenye mume anayejenga injini kwa vipande vya marehemu, muulize kila kipande kimetoka kwa nani na aliachana nacho vipi. Na mtu akipasua tunda la kahawa mbele yako, hata awe na adabu kiasi gani, mikono yako ibaki ndani ya kitenge. Umwonee huruma kwa mdomo tu.

Novatus haniamini tena. Anasikia nazungumza jikoni, anasikia ninacheka, akiingia ananikuta peke yangu na kigoda kimelowa. Ameshajiambia kuwa nina mwanaume. Jana jioni nilichungulia dirishani nikamwona amejibanza kwenye mibuni yetu, amevua viatu, spana mkononi. Nilitaka kumwita. Mwenzangu akaniwekea mkono wake wa baridi begani, akasema niache, atachoka mwenyewe.