Bipu za Jioni

Rafiki yangu niliyefanya naye kazi saluni alikuwa na kawaida ya kunibipu kila jioni akifika kwake, mtaa wa Rebero. Simu ilikuwa ikilia mara moja, inakatika. Maana yake: nimefika, nimekukumbuka. Nami nilikuwa nambipu pia. Maneno hunishinda, hata mbele ya mteja ninayemsuka.

“Huyu ukitaka aongee, mvute nywele!” rafiki yangu aliwaambia wateja, na wote walicheka, mimi pia.

Mama yake alipofariki Kigoma, rafiki yangu aliondoka na basi la alfajiri. Nilikuwa nimeahidi kumsindikiza. Nilivaa kiatu kimoja, kisha nikabaki nimekaa kitandani, mwili umekataa. Kwa muda mrefu nilikuwa hivyo: chakula hakipiti, usingizi hauji, nalia nikifua taulo za saluni.

Bipu ziliendelea kuja, sasa kutoka Kigoma. Kila moja niliisikia ikiniuliza: Ulikuwa wapi? Sikujibu hata moja. Na bado, jioni ikifika, niliweka simu karibu nami. Nilimkumbuka kiasi kwamba kiti chake pale saluni sikuweza kukikalia.

Dada yangu alinipeleka kwa mshauri nasaha mmoja, mtaa wa Kibagabaga, mama aliyekulia Burundi, tukaongea Kiswahili. Nilimwambia mimi ni mtu mbaya.

“Umefanya nini, mdogo wangu?”

“Sikumsindikiza rafiki yangu.”

“Hilo ni jambo moja. Mbona unalifanya liwe wewe mzima?”

Akanieleza kuwa ubongo una sehemu inayoelewa maana ya yale tunayowatendea watu, na sehemu nyingine zinazotufanya tusikie hatia. Zikisikilizana vizuri, kosa linabaki na ukubwa wake. Watafiti wameona kwamba kwa baadhi ya wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, mawasiliano hayo hulegea. Hatia inabaki inachoma, lakini haijui tena inachomea nini, basi inamchoma mtu mzima.

“Angekuwa yeye ameshindwa kuamka, ungemwita mbaya?”

“Hapana. Ningejua anaumwa.”

“Na wewe ulipombipu, ulikuwa unamgombeza?”

Nilitazama chini. “Nilikuwa namkumbuka tu.”

Sikupona siku hiyo. Nilirudi kwake mara nyingi, na dawa za daktari nilimeza. Lakini lile swali la mwisho nilitembea nalo.

Jioni moja tulikuwa tunafunga saluni. Simu ikalia mara moja, ikakatika. Nikapiga. Ikaita mara ya kwanza, na kidole changu, kwa mazoea, kikaenda kukata. Nikakizuia. Ikaita tena.

“We! Leo umesahau kukata?” Sauti yake ilikuwa ileile. “Vocha itaisha, shoga!”

“Sijasahau.”

Nyuma yake kuku walikuwa wakilia.

“Pole na msiba,” nikasema. “Nilikuwa naumwa. Nihadithie habari za mama.”

Nikamsikia akivuta kiti. Nami nikakikalia chake, kile cha saluni.