Maharagwe ya Sabato

Shule niliachia kidato cha pili, na usidhani ni karo peke yake, hesabu pia ilichangia. Kwa hivyo ukinisikia naongea mambo ya imani ya Wayahudi, ujue sikusomea mahali. Nilifundishwa jikoni, kwa Shosho.

Shosho si wangu wa damu. Ni mjane wa Kiyahudi, mzaliwa wa hapa hapa Birmingham, anaishi peke yake kwenye ghorofa kule Ladywood, na mimi ndiye natumwa kwenda kumuosha, kumvalisha na kumpa dawa. Siku ya kwanza aliniita "bab", vile watu wa hapa wanaita kila mtu mpaka dereva wa basi. Nikamwambia kwetu Kenya mama wa umri wake tunamwita shosho, yaani nyanya mwenye wajukuu.

"Sina wajukuu," akasema, "lakini jina nitachukua. Cha bure sikatai."

Somo la kwanza lilitoka chooni. Kila nikimsaidia kutoka huko, akishanawa mikono, anasimama mlangoni ananong'ona kwa Kiebrania. Mimi nilidhani ananilaani kwa vile nilivyomshika. Siku moja nikamuuliza. Akasema anamshukuru Mungu kwa kuumba mwili wenye matundu na mishipa, maana kinachofaa kufunguka kikiziba, ama kinachofaa kuziba kikifunguka, hakuna mtu angebaki amesimama. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa bafu. Kanisani kwetu tunaombea viza, ndoa na nyumba. Sijawahi kusikia pasta akitoa shukrani kwa ajili ya mkojo.

"Cheka tu, bab," akaniambia. "Siku mwili wako utakapokuletea maneno, utaikumbuka hiyo dua."

Mwili wangu ulileta maneno mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa naoga, mkono ukagusa uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya hindi. Nikaenda kwa daktari, nikatumwa hospitali, wakanidunga sindano wakatoa kipande cha kupima. Wakasema watanipigia Ijumaa. Aliyejua ni bwanangu peke yake. Mtu anayeishi kwa mizaha ana shida moja: akiogopa, watu wanangoja wacheke.

Hiyo Ijumaa nilikuwa kwa Shosho, simu kwenye mfuko wa aproni, nikiigusa kila saa kama mtu mwenye upele. Na Ijumaa kwa Shosho si mchezo. Jua likishazama ni Sabato, na mpaka kesho yake giza liingie hawashi moto, hagusi switchi, hapigi simu. Kwa hivyo kila kitu kinafanywa mapema, na majira ya baridi jua la huku linaondoka kama mgeni aliyenyimwa chai. Taa za kuwaka usiku unaziwasha. Karatasi za chooni unazikata kabisa unazipanga, maana hata kuchana karatasi ni kazi. Simu yake inaingia kwenye droo ya vijiko. Halafu sufuria: maharagwe, shayiri, viazi na nyama ya ng'ombe, inachemka kwanza, kisha inakaa juu ya kibao cha stima cha kutunza moto usiku kucha, ipakuliwe Jumamosi mchana ikiwa laini na moto. Mara ya kwanza kuiona nilikumbuka mahindi na maharagwe ya kwetu, nikamwambia, "Shosho, hii ni githeri iliyomaliza shule."

Aliwasha mishumaa yake, akafunika macho na viganja. Na hapo simu yangu ikalia.

Nilikimbia jikoni nikafunga mlango. Ilikuwa sauti ya mwanamke mpole, na huo upole ndio ulionitisha. Akasema daktari anataka kuniona Jumatatu. Halafu akasema, "Na ukiweza, uje na mtu."

"Mtu wa nini?" nikauliza.

"Wa kukushika mkono tu."

Sijui kwenu, lakini mimi sijawahi kuona habari njema inayohitaji mashahidi. Nikavaa koti, nikamwambia Shosho mzaha fulani hata siukumbuki, nikaenda kungoja basi.

Nyumbani Handsworth bwanangu alisikiliza mpaka mwisho. "Mama watoto," akasema, "pengine wanaambia kila mtu hivyo. Ni desturi yao." Halafu akaenda bafuni akafungulia maji, na katikati ya ule mlio wa maji nikamsikia anaomba. Tukalala kila mtu akijifanya amelala.

Jumamosi mchana nikarudi Ladywood kumpakulia Shosho chakula. Nikafunua sufuria. Baridi. Mafuta yameganda juu kama barafu ya dimbwi, na nilipochota maharagwe yakagonga kijiko ko ko ko. Nikaangalia ukutani. Switchi ya kibao imezimwa.

Hakukuwa na haja ya kutafuta mwizi. Nyumbani kwetu stima ni ya kulipia kabla, na mimi tangu nizaliwe sitoki jikoni bila kuzima kitu. Mama yangu alinilea hivyo na taa ya mafuta, Birmingham ikamalizia. Nikiwa na ile sauti ya simu masikioni, mkono ulijiendea wenyewe.

"Shosho," nikaita, "nimekuua na njaa!"

Akaja na kigari chake cha kutembelea, akatazama sufuria, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Niwashe?" nikasema. "Mimi si Myahudi, mkono wangu hauna sheria."

"Usiwashe kwa ajili yangu."

"Lakini mgonjwa si anaruhusiwa?"

"Mimi si mgonjwa. Mimi ni mzee. Hivyo ni vitu viwili." Akajishusha kwenye kiti. "Wewe huwa unakosea maneno, bab, lakini jikoni hukosei. Una nini?"

Nikaanza mzaha. Ulifika katikati ukakataa kuendelea, kama gari la mkopo. Nikamwambia yote, uvimbe, sindano, "uje na mtu," na nikalia na kijiko cha maharagwe mabichi mkononi.

Akanishika mkono. Nikafumba macho, nikangoja maombi. Kanisani kwetu wangeshaniwekea mikono kichwani, mtu aanguke hapa, mwingine anene kwa lugha pale, na kusema kweli nilikuwa nataka hiyo kelele. Shosho akasema, "Kwetu tukienda kumwona mgonjwa siku ya Sabato, hatumlilii Mungu. Tunasema leo si siku ya kilio, na uponyaji uko karibu kuja. Basi."

Nikafungua jicho moja. "Basi? Imeisha?"

"Imeisha. Sabato ikitoka jioni nitapiga kelele mpaka majirani waite polisi. Sasa hivi, hiyo tu."

Nilikasirika, wacha niseme ukweli. "Na mimi mpaka Jumatatu nifanye nini, Shosho? Nikae tu hivi?"

"Kwa daktari ulienda?"

"Nilienda."

"Sindano ulidungwa?"

"Nilidungwa."

"Simu ulipokea?"

"Nilipokea."

"Basi sufuria yako iko juu ya moto. Ukifunuafunua, maharagwe hayataiva haraka."

"Haya ya leo hayajaiva kabisa."

"Kwa sababu kuna mpumbavu alizima."

Tukacheka, mimi na kamasi zangu. Tulipotulia akasema, polepole, akiangalia zile nta za mishumaa zilizobaki, "Unadhani mimi siogopi? Kila Ijumaa nikifunika macho nawaza, na ule moto ukizimika? Na nikianguka? Na mwanangu London akipatwa na jambo na simu iko kwenye droo? Kila Ijumaa, tangu mume wangu afe. Halafu naacha. Woga hauendi popote, bab. Unakaa na mimi mezani. Lakini siuinukii."

Tulikula mkate wake wa kusukwa na samaki baridi na matango ya siki. Aliponituma nimwongezee samaki nilijikuta nimeishika simu mfukoni. Nikaiacha. Dakika si nyingi nikaishika tena. Sikusema nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Jumatatu bwanangu aliomba ruhusa kazini, kwenye duka moja la Longbridge anakopanga mizigo, tukaenda wawili. Daktari alisema neno lenyewe bila kulizungusha: saratani. Akasema ni ndogo, wataikata, na kile watakachotoa ndicho kitawaambia kama kuna kingine. Bwanangu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka nikamwambia, "Baba watoto, ni titi wanakata, si vidole." Daktari hakujua kama acheke.

Wakanipa Ijumaa ya kukatwa.

Asubuhi hiyo niliamka kabla ya wengine nikaweka mahindi na maharagwe, niliyokuwa nimeyachemsha jana yake, kwenye ile sufuria ya stima inayopika polepole. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekatazwa kula hata ganda la ndizi. Teksi ikapiga honi. Mkono ukapanda ukutani, ukafika kwenye switchi, nikaungoja niuone utafanya nini.

"Hujazima," bwanangu akasema mlangoni.

"Najua."

"Stima itaenda siku nzima hiyo."

"Iende."

Kuamka kwangu baada ya kukatwa sikumbuki vizuri. Nakumbuka nesi akisema siendi nyumbani mpaka nikojoe, waone mwili umezinduka. Nilikaa chooni, nimefungwa bandeji mpaka kwapani, nangoja, nikiogopa kitu kidogo hivyo baada ya kuogopa vikubwa vyote. Ikaja. Nikanawa mikono nikasimama mlangoni, na kwa vile Kiebrania sina, nikasema kwa Kiswahili changu cha kidato cha pili: asante kwa kinachofunguka, asante kwa kinachoziba.

"Uko sawa huko ndani?" nesi akauliza.

"Niko sawa. Naongea na fundi wa mabomba."

Tulipofungua mlango wa nyumba, harufu ya githeri ilikuwa mpaka kwenye ngazi. Bwanangu alienda moja kwa moja kuangalia mita, akaguna, akarudi na sahani. Majibu ya kile walichotoa yalikuwa bado. Wamesema watapiga simu. Niliishika, nikaitazama, nikaiingiza kwenye droo ya vijiko, nikatoa kijiko kimoja.