Korongo Mwekundu wa Bi Mercy

Nchi ya kina Mercy Setchell imelala tambarare hivi kwamba kuku akipiga chafya mjini Ely, jogoo wa mji wa Chatteris anamwona akijipangusa mdomo. Hakuna kilima wala kichaka. Ni mitaro, mashamba ya vitunguu, na mbingu. Mercy kazaliwa humo, kavuna vitunguu humo mpaka mgongo ukapinda, kamzika mume humo, na hajauona ubaya wake mpaka Jumapili ile alipojiunga na matembezi ya kikundi cha watazama ndege akiwa kashamaliza birika zima la chai.

Wako juu ya tuta la mto, chai ikabisha hodi.

"Noreen, shoga yangu, nimebanwa."

"Jikaze. Kijiji bado kiko mbali."

"Nitajilowesha mbele ya Cyril Peachey!"

Cyril huyo, mgane mwenye masharubu yaliyochanwa, ndiye aliyemfanya Mercy apake rangi ya mdomo kwenda kukanyaga matope.

Enzi za vitunguu, mmoja akibanwa wenzake walimzunguka, wakatandaza sketi, kazi kwisha. Lakini leo wanawake walikuwa wawili tu, na Noreen mwembamba kama ufito, hafichi hata paka.

Kiongozi wao, kijana Rodney, alikuwa akieleza jinsi wazee walivyoyakausha mabwawa. Maji yalipita huku, maji yakamwagika kule. Kila akiyataja, Mercy anapishanisha miguu.

"Korongo mwekundu!" akapiga ukelele. "Kule kwenye kinu cha upepo!"

Darubini zote zikageuka. Mercy akaporomoka upande wa pili wa tuta kama gunia la viazi, akajisitiri kwenye matete.

"Mbona simwoni?" akauliza Rodney.

"Huna macho, mwanangu?" Noreen akamkazania. "Yule pale, kachuchumaa."

"Aa! Namwona!" akasema Rodney, maana kiongozi gani atakubali kupitwa na bibi kizee? "Ni jike. Anaatamia."

Mercy akapanda tena tuta, mwepesi kama unyoya. Akakuta wote wanatazama kinu, isipokuwa Cyril. Yeye alikuwa akitazama viatu vyake, masharubu yanacheza.

"Bibie," akamnong'oneza, "korongo wako keshatua?"

"Katua, karuka," akajibu Mercy, mashavu yanawaka.

"Basi mwite tena, nakusihi. Mwenzio nimebanwa tangu darajani."

Mercy akakohoa, akanyoosha kidole.

"Jamani! Na dume lake yule, anakuja!"